Majina ya Kizungu Yaliyolala Ndabibi

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mpenzi msomaji, hapa kwetu Ndabibi kuna makaburi matatu: la Gilbert Colvile aliyefariki 1966, la Thomas Cholmondeley, Lodi Delamere wa 4, aliyefariki 1979, na la Diana, aliyezikwa 1987 katikati yao. Diana aliolewa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Je, majina hayo yana maana gani?

Tuanze na Cholmondeley. Lina herufi 12, lakini Waingereza wenyewe hulitamka "Chamli" tu! Basi ukiona mwenzako amekwama akilisoma, usimcheke. Jina hili ni la kijiji cha Cheshire, Uingereza. Hapo kale, Ceolmund lilikuwa jina la mtu, na "leah" ni mahali palipofyekwa msitu. Kwa hivyo maana yake ni kiwanja cha Ceolmund, kama vile sisi tusemavyo Kwa Muhia. Waliotoka huko wakaitwa kwa jina la kijiji, na wajukuu wakalirithi.

Delamere nalo si jina la ukoo, ni la cheo. Familia ilipewa cheo hicho mwaka wa 1821. Lilitokana na msitu wa Delamere huko huko Cheshire, na kwa Kifaransa cha kale maana yake ni "wa maziwa". Msomaji, usifikirie mtindi! Ni maziwa ya maji, kama letu la Naivasha. Kumbe jina la maziwa lilikuja kukaa kando ya ziwa, tena likaandikwa kwenye pakiti za maziwa ya ng'ombe.

Colvile, aliyekuwa mwenye shamba la Ndabibi, jina lake lilivuka bahari mara mbili. Lilitoka Colleville, Ufaransa, likaingia Uingereza pamoja na Wanormani waliovamia nchi hiyo mwaka wa 1066, kisha likaja Kenya.

Sasa tutazame upande wa pili. Hugh Cholmondeley, Lodi Delamere wa 3, alihamia Kenya mwaka wa 1903. Mwaka uliofuata, 1904, Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowatoa Bonde la Ufa, wakapelekwa Laikipia. Mwaka wa 1911 wakahamishwa tena kuelekea kusini. Watu wakaondoka, lakini jina lao likabaki: Naivasha ni Enaiposha, maji yanayopanda na kushuka. Wageni waliligeuza kwa sababu ndimi zao zilishindwa kulitamka, kama zetu zinavyoshindwa na Cholmondeley.

Wanafunzi wenzangu, jina ni historia iliyofupishwa. Tumejua maana ya jina la Lodi. Je, la babu yako walijua? Muulize leo jioni, kabla hajaondoka nalo. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.