Kibichi au cha motoni? Muulizeni mhogo

Jua likianza kupoa Kariakoo, wauza mihogo mibichi hawakosi wateja. Mhogo unamenywa, unakatwa, unafungiwa pamoja na vipande vya nazi na karanga mbichi, na mteja, mara nyingi mwanamume, anatafuna huku anakwenda zake. Wanaamini mchanganyiko huo unaongeza nguvu za kiume. Hilo tuwaachie wenyewe. Kinachonivutia mimi ni kwamba wateja hao wanakula, bila kuutafutia jina, mlo ambao Ulaya na Marekani una vitabu, walimu na migahawa yake: mimea mitupu, tena mibichi.

Vegani, yaani mtu asiyekula nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, si mgeni sana katika ukanda wetu. Chama cha kwanza cha watu hao kilianzishwa Uingereza mwaka 1944, lakini Waorthodoksi wa Ethiopia walikuwa wakifunga bila nyama wala maziwa kwa karne nyingi kabla ya hapo. Na makande ya mahindi na maharage ni chakula cha mamilioni ya watu wasio na itikadi yoyote ya mlo, isipokuwa bei ya nyama buchani.

Ndani ya kundi la vegani wapo wanaokwenda mbali zaidi. Hawali kitu kilichopashwa moto kupita nyuzi joto 48 hivi. Miongoni mwa walimu wao ni Maximilian Bircher-Benner, daktari wa Zurich aliyewalisha wagonjwa matunda na nafaka zilizolowekwa, na Ann Wigmore wa Boston, aliyeeneza unywaji wa maji ya majani machanga ya ngano. Hoja inayorudiwa sana na wafuasi wa mlo mbichi ni ya vimeng'enya: mmea mbichi una vimeng'enya vinavyousaidia mwili kusaga chakula, moto unaviua, na mpishi anabaki kuwapakulia watu chakula mfu.

Kwamba moto unaviua ni kweli. Kwamba vinatusagia chakula, hapana. Vimeng'enya ni protini, na vikifika tumboni vinakutana na asidi kali isiyojua kubagua. Vinavunjwa kama protini nyingine yoyote. Mwili una vya kwake, unavitengeneza kwenye mate, kongosho na utumbo. Kimeng'enya cha mmea kazi yake kubwa inafanyika kabla hatujameza, ubaoni na kinuni. Ponda kitunguu saumu ukiache dakika kumi ndipo ukitie kwenye mafuta: ile harufu kali na kile wanachokisifia waganga wa mitishamba vinatengenezwa katika dakika hizo. Lakini kitunguu saumu ni mwanafunzi tu. Mwalimu ni mhogo.

Mhogo una kemikali iitwayo linamarini. Mmea ukiwa mzima, kemikali hiyo imetulia. Ukikatwa au kupondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimekaa kando kinaifikia, na kinachozaliwa hapo ni sianidi, sumu ile ile ya riwaya za upelelezi. Mihogo mitamu ina kidogo, ndiyo maana mteja wa Kariakoo anafika nyumbani salama. Mihogo michungu, ambayo wakulima wengi wanaipanda kwa kuwa wanyama waharibifu hawaipendi, ina nyingi.

Asiyeujua mhogo atadhani dawa ni kuutia motoni upesi. Hapana. Ukichemsha mhogo mchungu mzima, joto linakiua kimeng'enya kabla hakijaimaliza linamarini, na sehemu kubwa ya sumu inabaki humo humo. Ndiyo maana bibi zetu walianza na ubichi: waliuloweka siku tatu na zaidi, au wakauvundika ukawa udaga kama wafanyavyo Kanda ya Ziwa, kisha wakauanika, wakausaga, na moto ukaja mwisho. Kisamvu nacho ni hivyo hivyo. Kinatwangwa kwanza, kimeng'enya kinafanya kazi yake kinuni, halafu kinatokoswa sufuria ikiwa wazi ili sianidi iondoke na mvuke. Anayesema moto tu na anayesema ubichi tu, wote wawili kisamvu kitawasuta.

Hatua zikirukwa, watu wanalemaa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiotibika. Ulikuwa umeelezwa Kongo tangu mwaka 1938, na mwaka 1981 ulizuka kaskazini mwa Msumbiji. Hutokea zaidi katika ukame au vita, pale ambapo mhogo mchungu ndio chakula pekee kilichobaki na njaa haisubiri siku tatu za kuloweka. Wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Na hapa vegani asikilize vizuri: mwili unaipunguza makali sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Aliye na mhogo bila maharage pembeni yuko hatarini zaidi.

Maharage yenyewe sasa. Hakuna chakula ambacho asiyekula nyama anakihitaji kuliko hiki, wala kinachokataa kuliwa kibichi kuliko hiki. Maharage mekundu yana lektini inayoshambulia utumbo. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima katika saa chache. Mamlaka ya chakula ya Marekani inashauri yalowekwe saa zisizopungua tano, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli kwa nusu saa. Neno la kushika ni kuchemka. Yakikaa katika moto wa pole usiofikia kuchemka, sumu inaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo mafiga ya mama lishe, yenye moto unaotoa jasho, ni salama kuliko chungu cha umeme cha moto mdogo kinachosifiwa kwenye matangazo. Namwomba tu mama lishe apunguze magadi: yanalainisha maharage haraka, lakini yanaharibu vitamini B1.

Wafuasi wa mlo mbichi wanajibu kwamba protini wataipata kwenye choroko zilizochipua na kwenye korosho. Choroko sawa, ingawa nazo zina masharti. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi ya uwatu, uwatu huu huu wa jikoni kwetu, yalibeba bakteria walioua watu zaidi ya 50. Joto na unyevu vinavyoichipusha mbegu ndivyo vinavyowazalisha bakteria. Ama korosho, waulizwe wabanguaji wa Mtwara. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, kwa hiyo kwa kawaida hutiwa kwenye mvuke au hukaangwa kabla ya kubanguliwa. Korosho nyingi zinazouzwa dukani kama mbichi zilishaonja moto, na mlaji analipa bei ya ziada kwa ubichi ambao haupo.

Na kazi ya moto si kuondoa sumu tu. Richard Wrangham, mtaalamu wa sokwe aliyefanya utafiti Gombe na baadaye Kibale nchini Uganda, alishangazwa na muda ambao sokwe wanautumia kutafuna: kama saa sita kwa siku. Katika kitabu chake *Catching Fire* cha mwaka 2009 alitoa hoja kwamba moto ndio uliotupa utumbo mfupi, meno madogo na ubongo mkubwa. Wapo wanaobishana naye kuhusu lini hasa binadamu walianza kupika. Kuhusu nguvu tunayoipata kwenye wanga uliopikwa, ubishi ni mdogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa watu 513 waliokuwa wakila vibichi kwa muda mrefu, si wote vegani. Wengi walikuwa wamepungua sana uzito. Miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 45, takriban asilimia 30 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika kabisa. Mwili ulikuwa umeona hauna akiba ya kubeba mimba.

Je, ubichi hauna lake? Unalo, na si dogo. Vitamini C haivumilii maji ya moto. Mboga ikichemshwa sana hupoteza nyingi, na maji yakimwagwa yanaondoka nayo pamoja na foleti. Vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuyapata madini chuma ya mimea, ambayo bila msaada hupita tu. Kwa hiyo kachumbari iliyokamuliwa ndimu juu ya wali na maharage si pambo la sahani. Ndiyo inayoyafungua madini chuma ya maharage. Embe bichi na pilipili, pera, chungwa, unga wa ubuyu, vyote viingie humo. Kwa karoti na mchicha mambo yanageuka: rangi zao, ambazo mwili unazigeuza kuwa vitamini A, zinatoka vizuri zaidi zikipikwa na zikipata mafuta. Mchicha wa nazi wa Pwani unampa mlaji vitamini A nyingi kuliko bakuli la saladi ya majani yasiyotiwa mafuta. Nyanya, ipikwe na iliwe mbichi pia.

Kachumbari itayarishwe kwa mikono safi na maji safi, hasa misimu ya kipindupindu. Na karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haijali ubichi wala kukaangwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya kupitia mahindi, na mahindi hayo hayakuliwa mabichi.

Hukumu yangu basi ni hii. Kula mimea mitupu kunawezekana, na kwa anayeweza kuchagua ni jambo la heshima. Kula mimea mitupu mibichi mwaka hadi mwaka ni kujinyima mhogo mchungu, maharage, dengu, viazi na ndizi za kupika, vyakula vilivyotulea, na kubaki na sahani ambayo mtu wa Mbagala hawezi kuilipia. Weka sufuria motoni, na kachumbari pembeni.

Na anayeacha kabisa nyama, maziwa na mayai ajue kwamba vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, na hakuna mboga wala tunda la sokoni, bichi au lililopikwa, linaloweza kumtosheleza. Aitafute kwenye vyakula vilivyoongezewa virutubisho au kwenye vidonge vya duka la dawa, na asingoje hadi miguu ianze kufa ganzi.