Fundo la Mapenzi: Mizani, Vina na Takriri katika Shairi la "Amina"

Katika mjadala wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto miaka ya 1970, baadhi ya wahakiki walidai kwamba vina na mizani ni pingu zinazoibana hisia ya mtunzi. Shairi la "Amina," ambalo Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia mkewe marehemu, lafaa kulipima dai hilo, kwani humo hisia ni nzito na umbo ni la kimapokeo.

Shairi hili ni tarbia: kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo umegawika vipande viwili, ukwapi na utao. Kawaida ya bahari hii ni mizani 16, yaani 8 kwa kila kipande. Mshororo wa nne ni kipokeo, kinachotangaza kwamba hakuna awezaye kuutengua muungano wa wawili hao.

Ukwapi wa kipokeo hukomea kwenye kitenzi "funga," na utao kwenye "fungua." Vitenzi hivyo vina mzizi mmoja; kinachovitofautisha ni kiambishi cha kutendua. Kwa kuwa vipande vina mizani sawa, maneno hayo hukabiliana mwishoni mwa kila upande, na kanusho "hapana" husimama kati yake, likilizuia la pili lisilitangue la kwanza.

Vina navyo vina kazi. Katika ubeti wa kwanza, kina cha kati ni "nga," nacho chapatana na "funga" ya kipokeo. Beti zinazofuata hubadili kina hicho, ilhali kipokeo hakibadiliki. Hubaki na sauti yake pekee, kama mgane aliyeachwa na mwenziwe. Katika ubeti wa mwisho "nga" hurejea, na kipokeo hupata tena wa kulandana nacho.

Ndipo takriri hudhihirisha nguvu yake. Maneno ni yale yale, lakini maana husonga mbele: mwanzoni kipokeo husikika kama kiapo, katikati ya majonzi huwa ukaidi dhidi ya mauti, na mwishoni huwa tumaini la kukutana tena. Msomaji anayehesabu mizani na vina pasipo kuvihusisha na msiba huu huyakosa hayo yote. Umbo hapa halikuibana hisia ya mfiwa, ndilo lililoihifadhi.