Msimu wa Windo Wenye Baraka



Kiangazi kilichopita nilialikwa Kwa Vonza, katika kaunti ya Kitui, na kijana niliyemsomesha chuoni miaka mingi iliyopita. Sasa yeye ni mwalimu katika sehemu hizo na ameoa huko huko. Baadhi ya wazazi wa pwani wanapajua mahali hapo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Ni nchi kavu ya migunga na mibuyu, na kabla ya mvua za vuli kuteremka mwezi wa Oktoba ardhi huwa nyekundu na mito huwa michanga mitupu.

Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, nilitoka uani nikamwona paa amesimama karibu na boma la mbuzi. Hazikufika hatua ishirini baina yetu. Aliniangalia, nikamwangalia, kisha akaingia vichakani taratibu.

Mchana wa siku hiyo shemeji wa mwenyeji wangu, kijana wa miaka kama ishirini, alirudi na furushi la nyama. Aliwaambia ni nyama ya paa, ameinunua kwa wenziwe kwa nusu ya bei ya nyama ya mbuzi, kwa ajili ya mgeni. Dada yake akatia sufuria motoni, akatwaa kisu, kisha akasita. Akaja mlangoni, mtandio kichwani.

"Maalim," akasema, "nipike au nisipike?"

Nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa na njaa, na kijana yule alikuwa amejinyima kwa ajili yangu. Nikaikumbuka haraka hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kuhusu watu walioletewa nyama wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na Mtume ﷺ akawaambia wapige bismillahi wale. Lakini hadithi ile ilihusu nyama iliyoletwa na Waislamu, japo walikuwa wapya katika dini. Si ruhusa ya kufumba macho.

Nikamwita kijana nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, paa huyu alikufaje?"

Akainamisha kichwa. "Kwa tanzi la waya, Maalim. Walimkuta asubuhi."

Basi swali likawa limejibika. Mnyama aliyekufa kwa kusongwa shingo ametajwa waziwazi katika Suratul Maida miongoni mwa vilivyoharamishwa. Bismillahi ya mlaji haimrudishi uhai ili achinjwe. Nikamwambia binti yule, "Usipike, mwanangu. Na wala usimlaumu ndugu yako, nia yake ilikuwa njema." Tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe, na Wallahi kilikuwa chakula kitamu.

Maneno ya mzee

Jioni baba wa binti yule, mzee wa Kikamba ambaye si Muislamu, alikuja kukaa nami chini ya mti. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya nyama. Alicheka kidogo, akasema, "Tanzi ni la mvivu. Halichagui. Hunasa jike mwenye mimba, hunasa mbuzi wa jirani, hunasa hata mbwa wako."

Katika ujana wake alikuwa msasi wa upinde. Wakamba ni watu wa upinde tangu zamani, na babu zetu wa Mombasa waliwajua kwa misafara yao ya pembe za ndovu katika karne ya 19. Nilimwuliza, msimu uliofana kwenu ulikuwa upi? Nilidhani atanihesabia swala na tandala aliowaangusha. Hakutaja hata mmoja. Alisema msimu mzuri ulikuwa ule ambao watu wote waliotoka walirudi, mnyama aliyejeruhiwa alifuatwa mpaka akapatikana, na mjane wa jirani alipata fungu lake kabla hajaomba. Mwenye kurudi na nyama nyingi akaificha, alisema, huyo hakuwa msasi bali mwizi.

Mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa porini mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami. Hapa kina mama wataniuliza hukumu yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mnyama aliyeuawa na mshale na sumu kwa pamoja haliwi, isipokuwa amewahiwa yu hai akachinjwa. Ama windo la halali, kutaja jina la Allah wakati wa kutupa ni sunna katika madhehebu yetu, na lina masharti yanayojulikana: silaha yenye kuchoma na si yenye kuponda kwa uzito, na mbwa aliyefundishwa ambaye hakumla aliyemkamata. Na ukimfikia mnyama bado ana uhai uliotulia, umchinje.

Sheria ya nchi

Mzee aliacha upinde mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji katika Kenya nzima. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo, na kuuza nyama pori ni kosa pia. Yule kijana na furushi lake angaliweza kulala korokoroni kwa sababu ya chakula cha mgeni. Kutii amri yenye maslaha ya umma, isiyotuamrisha maasi, ni katika dini yetu.

Wako wanaonung'unika kwamba Mungu amehalalisha na serikali imeharamisha. Wasome tena Suratul Maida. Humo Mwenyezi Mungu anawaeleza waumini kwamba atawajaribu kwa windo lililo karibu na mikono yao na mikuki yao, ili adhihirike nani anayemcha kwa ghaibu. Wafasiri wanaieleza aya hiyo kwa safari ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Maswahaba wakiwa katika ihramu na wanyama wakiwajia mpaka penye mizigo yao. Windo lenyewe lilikuwa halali siku nyingine. Siku ile mtihani ulikuwa kuuzuia mkono pasipo na askari.

Hapo nilimkumbuka paa wa alfajiri, na maneno ya mzee nikayaelewa zaidi. Hesabu ya msimu haiko katika kilichoanguka peke yake. Iko pia katika kilichoachwa kipite.

Kwa kina mama

Nyinyi ndio walinzi wa mwisho wa riziki ya nyumba. Nyama ikija kwa bei isiyoeleweka, ulizeni: imetoka wapi, nani amechinja, kwa nini ni rahisi hivi? Ulizeni bila ya kumwaibisha aliyeileta. Binti wa Kwa Vonza alisita kwa muda mfupi tu, kisu mkononi, na kwa kusita huko aliwaokoa watu wa nyumba yake na mgeni wao.

Asubuhi ya kuondoka kwangu shemeji yake alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea mkoba. Aliniambia kwamba alfajiri alikwenda kwa wenziwe, wakayaondoa matanzi matatu. La nne, alisema, bado wanalitafuta.

Allah atujaalie riziki ya halali, na mikono inayojizuia. Amin.