Sura ya 7: Shanta Likishashuka Mlimani

Shanta zuri huharibikia kabatini kuliko mgongoni. Kubeba kilo 15 juu ya mawe ndiyo kazi lililoshonewa. Yanayolimaliza ni yale linayorudi nayo nyumbani bila kutolewa: chumvi ya jasho, vumbi, na unyevu uliofungiwa ndani.

Kilimanjaro hulipakia yote matatu kwa safari moja, tena kwa mpangilio mbaya. Ukivuka mita 4,000 unaingia katika jangwa la juu, ambako vumbi la volkano huingia hadi kwenye meno ya zipu. Mikanda ya mabega na sponji ya mgongo hunywa jasho tangu siku ya kwanza. Kisha, wakishuka kwa njia ya Mweka, wapandaji huacha ukavu wa kambi ya Barafu na kuteremkia kwenye msitu wa mvua, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kwa hiyo begi hufika getini likiwa na vumbi chini na tope juu, limelowa. Jioni hiyohiyo linasukumwa uvunguni mwa kitanda cha hoteli, kesho yake kwenye buti la basi.

Usikimbilie maji. Vumbi la volkano ni gumu na lina kingo kali. Ukililowesha na kusugua, unakuwa unakitia kitambaa msasa. Toa kila kitu, fungua zipu zote, pindua shanta juu chini na ulikung'ute nje. Tope liache likauke kwanza, kisha lipigepige litoke. Mswaki wa zamani unatosha kwa zipu na mishono.

Mara nyingi kazi huishia hapo. Kufua shanta zima si jambo la kila safari, na wengi hufua kupita kiasi. Mikanda na sehemu ya mgongo ndiyo inayohitaji maji mara kwa mara, kwa sababu pale ndipo chumvi ilipo. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na chembe zake husugua nyuzi kila ukitembea. Bahati nzuri huyeyuka kwa maji matupu: lowesha sponji, ikamue kwa viganja, rudia mpaka ile michirizi myeupe iishe.

Likichafuka kweli, tumia beseni kubwa, maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato makali. Chomoa kwanza vyuma vya mgongoni kama vinatoka. Sabuni ya unga iache: ni kali, na mabaki yake hubaki kwenye kitambaa na kukifanya kinywe maji badala ya kuyamwaga. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe hula nailoni yenyewe. Mashine ya kufulia nayo hukunja sponji, hunasa mikanda, na hubandua utando wa ndani.

Utando huo ndio roho ya shanta. Tazama ndani ya begi lako utaona kitambaa kinang'aa kidogo. Mara nyingi hiyo ni poliyurethani, iliyopakwa ili maji yasipenye. Maji na joto vikikaa nayo kwa muda mrefu, hukatakata minyororo ya molekuli zake. Mwanzo ni kunata. Kisha huja harufu kama ya matapishi, na mwisho utando hubanduka vipande kama rangi ya ukuta uliolowa. Hapo hakuna sabuni ya kuuponya. Ndiyo maana ukinunua shanta la mtumba, iwe soko la Memorial pale Moshi au Karume jijini Dar es Salaam, usiishie kuvuta mikanda. Ingiza kichwa ndani unuse, kisha pitisha kiganja. Likinata, rudisha hata kama nje linaonekana jipya.

Kukausha, basi, ndiko kunakostahili subira kuliko kufua. Litundike juu chini, mifuko wazi, penye upepo na kivuli. Kitambaa hukauka kwa saa chache, lakini sponji ya mikanda hudanganya: nje kavu, ndani imelowa. Ibonye kwa nguvu. Ikikupa ubaridi, bado. Jua kali linavutia, ila miale yake hudhoofisha nailoni na kupausha rangi. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, haiozi kama turubai za pamba za zamani, lakini koga huota juu ya uchafu na jasho lililobaki juu yake, na harufu ya koga ikishaingia kwenye sponji haitoki kirahisi. Anayeishi pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, asilihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, wala darini chini ya bati. Ukutani, kwenye msumari, panatosha.

Kuhusu mvua, usitegemee koti la begi peke yake: maji huteremka mgongoni mwako na kupenyea nyuma, ambako koti halifiki. Mfuko mmoja mzito wa kuzuia maji, ndani ya shanta, hulinda vitu vizuri zaidi.

Zipu ndiyo hufa mapema kuliko vyote, na huzikwa ikiwa hai. Ikianza kuachia nyuma ya kichwa, wengi hudhani meno yameisha, kumbe kichwa ndicho kilichopanuka kwa kusagwa na mchanga. Kibane taratibu kwa koleo, upande huu kisha ule, na ujaribu kila baada ya kubana; ukizidisha, kitavunjika. Usiipake mafuta ya kula wala grisi, maana hugandisha vumbi. Mshumaa uliosuguliwa kwenye meno safi unatosha. Isipokubali, mpelekee fundi abadilishe kichwa tu. Akisema lazima zipu nzima ing'olewe, mwombe kwanza akuonyeshe jino lililovunjika.