Usukani unaogoma kisha kupona wenyewe: usikimbilie kununua mwingine

Hebu jione uko njiani Jumapili jioni. Mmetoka mashambani kumwona nyanya. Watoto wamelala kiti cha nyuma, na buti imejaa viazi, kabeji na kuku wawili waliofungwa miguu. Mnaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, mkirejea Nairobi.

Mara kwenye kona taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi. Usukani, ambao muda mfupi uliopita uliuzungusha kwa kidole kimoja, unakuwa mzito kana kwamba kuna mtu anayeuvuta upande wa pili. Unapigana nao mpaka kando ya barabara, unazima gari na kushusha pumzi. Ukiliwasha tena, taa imezimika na usukani ni mwepesi kama zamani!

Jumatatu unampelekea fundi. Analizungusha gari uwanjani mara mbili tatu na kukuambia kuwa halina neno. Siku tisa baadaye, usukani unagoma tena.

Hayo yalinipata mimi. Fundi wa kwanza hakupima kitu. Aliuzungusha usukani mara moja na kukata shauri: "Mama, hii stering imekwisha. Tafuta nyingine." Nikachukua pesa nilizokuwa nimeziweka kwa karo ya muhula, nikanunua stering ya mtumba na kumlipa ufundi. Wiki tatu hazikuisha kabla ya ugonjwa kurudi vile vile.

Fundi wa pili, ambaye kazi yake ni nyaya za magari, hakuugusa usukani kamwe. Alifungua boneti, akakishika kibano cha betri na kukitikisa. Kilizunguka kama pete kwenye kidole kilichokonda. Alikipiga msasa, akakikaza, na tangu siku hiyo taa ile haijawaka tena. Karo yangu ilikuwa imeliwa na kibano kilicholegea.

Ndiyo sababu nakuandikia leo. Kasoro inayokuja na kuondoka haiji ovyo. Ina saa zake na ina mahali pake. Kabla hujauliza ni kitu gani kimekufa, uliza kwanza: hugoma wakati gani?

Usukani huu hufanyaje kazi?

Magari ya zamani yalisaidiwa na mafuta yaliyosukumwa na pampu, nayo pampu ikazungushwa na mkanda wa injini. Mengi ya magari madogo tunayoletewa kutoka Japani siku hizi hayana pampu hiyo wala mafuta hayo. Kazi hufanywa na mota ya umeme. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na mtambo huo lilikuwa Suzuki Cervo, huko Japani, mwaka wa 1988.

Unapozungusha usukani, kihisi kilicho kwenye shina lake hupima nguvu ya mikono yako. Hupeleka habari kwa kompyuta ndogo, ambayo pia huambiwa mwendo wa gari. Kompyuta huamuru mota isaidie kiasi gani: sana unapoegesha, kidogo tu unapokwenda kasi barabara kuu.

Mota hii ina kiu kikubwa cha umeme. Barabara ikiwa imenyooka hunywa kidogo sana, lakini unapoukata usukani gari likiwa limesimama inaweza kupita ampea 40. Hiyo ni zaidi ya taa zako zote kubwa zikijumlishwa. Kwa hivyo betri dhaifu au waya uliolegea unaweza kuwasha redio na taa bila shida, na bado ukashindwa kuulisha usukani.

Kompyuta ikiona jambo lisilo sawa, hukata msaada na kuwasha taa ya onyo ili mota isije ikafanya kinyume na mikono yako. Ukizima na kuwasha gari, hujipima upya. Ikikuta mambo ni shwari wakati huo, hurudisha msaada. Hapo ndipo dereva hudhani gari limepona, kumbe limenyamaza tu.

Usukani ukigoma njiani

Kwanza, usitaharuki. Katika magari haya ya kawaida usukani bado umeungana na magurudumu kwa chuma, kwa hivyo gari litakutii, ila utahitaji nguvu. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa taa za tahadhari na utafute mahali salama pa kusimama.

Usizime gari likiwa bado linakwenda. Katika magari mengi, ukizima na kuchomoa ufunguo usukani hujifunga, na hapo hutakuwa na la kufanya. Simama kabisa kwanza.

Na iwapo usukani unajivuta wenyewe upande mmoja au unatetemeka mikononi bila sababu, usiliendeshe tena gari hilo. Liite gari la kulivuta.

Weka daftari

Tia kijitabu na kalamu ndani ya gari. Kila usukani unapogoma andika: ilikuwa asubuhi au mchana? Injini ilikuwa baridi au moto? Mvua ilikuwa ikinyesha? Ulikuwa unaegesha au unakwenda kasi? Ulipita shimo au tuta? Ni taa zipi nyingine zilizowaka? Kurasa mbili za majibu hayo zitamsaidia fundi kuliko kuzunguka naye mtaa mzima.

Tazama majibu yanavyoweza kukuongoza.

Hugoma asubuhi unapowasha gari, au usiku taa na feni zikiwa zinafanya kazi: shuku betri, vibano vyake na altaneta inayoichaji. Taa ya betri ikiwaka pamoja na ya usukani, usiende mbali zaidi ya hapo.

Hugoma ukipita matuta na mashimo: shuku plagi iliyolegea, waya uliochubuka, au fyuzi isiyokaa vizuri.

Hugoma baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa: shuku maji ndani ya plagi. Vijana wa kuosha magari hupenda kuelekeza mpira wenye nguvu ndani ya boneti, na maji yakiingia huzaa kutu ya kijani kwenye shaba. Katika magari ambayo mota imo ndani, chini ya dashibodi, gusa zulia la miguuni. Likiwa na unyevu, kuna mahali panapovuja.

Hugoma gari likishapata joto, kisha hupona likipoa: shuku kompyuta ya usukani au mota yenyewe. Risasi iliyounganisha vipande ndani ya kompyuta ikipata ufa, joto huupanua na baridi huuziba.

Huwa mzito polepole baada ya kuegesha kwa taabu, mbele nyuma, mbele nyuma: huenda hiyo si kasoro. Kompyuta hupunguza msaada ili mota isiungue. Acha ipoe dakika kadhaa, na ukome kuushikilia usukani ukiwa umefika mwisho.

Taa ya breki za ABS ikiwaka pamoja na ya usukani: shuku umeme mdogo au kihisi cha mwendo kwenye gurudumu, kwa kuwa mitambo hiyo miwili hutegemea habari zinazofanana.

Na je, usukani ni mzito siku zote na taa haiwaki? Anza na upepo wa magurudumu ya mbele, kisha viungo vya shina la usukani. Ukikwama kila mara mahali pale pale unapouzungusha, kiungo ndicho cha kushukiwa kabla ya umeme.

Vipimo unavyoweza kufanya nyumbani

Huhitaji karakana kwa hatua hizi. Mita ndogo ya kupimia umeme, ya bei nafuu, inatosha.

Moja: washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya usukani, yaani EPS, P/S au mchoro wa usukani wenye alama ya mshangao, yapasa iwake, kisha izimike injini inaponguruma. Isipowaka kabisa, tahadhari! Huenda imeharibika, au aliyekuuzia gari aliiondoa ili usijue. Kipimo hiki ukifanye kabla hujanunua gari lolote la mtumba.

Mbili: pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0, ni kama tupu. Washa injini: kwa kawaida isome kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa na feni, na mwenzako azungushe usukani gari likiwa limesimama. Mita ikishuka chini ya 12, umekwisha kumpata mshukiwa wako.

Tatu: shika vibano vya betri kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kisiwepo kinachozunguka. Kisha fuata ule waya mweusi wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi ya gari, utazame kama pana kutu au rangi chini ya nati yake. Ili kuhakikisha, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, huku injini ikinguruma na usukani ukizungushwa. Ikizidi volti 0.2, waya huo haupitishi umeme vizuri.

Nne: gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa na injini inanguruma, mwenzako azungushe usukani taratibu nawe uzitikise nyaya na plagi za usukani moja baada ya nyingine. Taa ikiwaka ulipogusa, umefika. Lakini plagi na nyaya za rangi ya manjano usiziguse, kwani aghalabu hizo ni za mfuko wa hewa, ambao unaweza kulipuka usoni pako.

Ukienda kwa fundi wa kompyuta

Kompyuta ya usukani huweka kumbukumbu ya kila kasoro iliyoiona, hata kama imeondoka. Namba hizo huanza kwa herufi C, ilhali za injini huanza kwa P. Mashine nyingi za bei ya chini husoma za injini peke yake, kisha fundi husema gari halina tatizo. Muulize kabla hujalipa: mashine yako husoma usukani?

Mwombe pia aziandike namba zote kwenye karatasi kabla ya kuzifuta. Fundi anayefuta kwanza ni sawa na askari anayepangusa alama za vidole mlangoni kabla ya kumtafuta mwizi.

Na ukumbuke kuwa namba si hukumu. Namba inayotaja kihisi yaweza kuletwa na plagi yake iliyojaa maji. Namba ya mota yaweza kuletwa na betri iliyochoka. Pima waya kwanza, kisha ndipo uhukumu kifaa.

Sisemi kwamba mota haifi. Mnamo Machi 2010 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 1.3, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Pontiac G5, kwa sababu msaada wa umeme kwenye usukani ungeweza kupotea ghafla. Dawa yake ilikuwa kubadilisha mota. Kwa hivyo mpelekee wakala wa kampuni iliyounda gari lako namba ya chesisi, umwulize kama kuna tangazo kama hilo ambalo halijatekelezwa.

Mwishowe ikibainika kuwa ni lazima ubadilishe, hakikisha namba iliyoandikwa kwenye kifaa cha zamani inalingana na ya hicho unachonunua, hata kama mwenye duka la Kirinyaga Road anakuapia kuwa yote ni mamoja. Aidha, magari mengi huhitaji kufundishwa upya kwa mashine mahali ambapo usukani umenyooka. Fundi asipofanya hivyo, gari litavuta upande na utaanza kutafuta ugonjwa mpya.

Sheria ya Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini, na wengi wetu huyaendesha miaka mingine 10 baada ya hapo. Vibano vya betri, nyaya na plagi huzeeka pamoja nayo, na vyote hivyo havigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya stering.

Basi msomaji wangu, taa ile ikiwaka na kuzimika usishangilie kwamba Mungu amelitengeneza gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unaweza kukutokea kwenye kona watoto wakiwa wamelala nyuma. Chukua daftari leo, kagua kibano cha betri kabla hujamgusia mtu pesa za karo, na kama usukani unaendelea kugoma, gari lilale nyumbani hadi chanzo kipatikane. Nyanya atangoja, nao kuku hawatakulaumu.