Mirengo ya Marekani na Kidonge Kinachomezwa Kimuli

Siasa za Marekani hujadiliwa Kimuli, mkoani Kagera, katika nchi ya zamani ya Karagwe ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, kwa namna ileile zinavyojadiliwa kwingineko Afrika Mashariki, yaani kama mechi ya Simba na Yanga, ambapo mtu huvaa jezi kwanza na sababu akazitafuta baadaye. Anayemshabikia Donald Trump humsifu kwa kila alitendalo, anayemchukia humlaani kwa kila alitendalo, na maneno "mrengo wa kulia" na "mrengo wa kushoto" yanayosikika redioni huchukuliwa kuwa majina ya timu hizo mbili. Maneno hayo hayakuzaliwa kwa ajili ya ushabiki, wala hayaingii katika maisha ya mkulima wa kahawa kwa wepesi unaodhaniwa.

Chimbuko lake ni Ufaransa ya mwaka 1789, ambako wajumbe wa bunge la mapinduzi waliotetea mamlaka ya mfalme walizoea kuketi kulia kwa mwenyekiti, na waliotaka mamlaka hayo yapunguzwe wakaketi kushoto. (Katika mabunge yanayofuata desturi ya Uingereza mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa serikali huketi kulia kwa Spika hata ikiwa ya wasoshalisti, na wapinzani hubaki kushoto hata wakiwa matajiri watupu.) Huko Marekani mrengo wa kulia ni wa chama cha Republican, kinachopendelea kodi ndogo, serikali isiyoingilia sana biashara, haki ya raia kumiliki bunduki, sheria kali dhidi ya utoaji mimba na udhibiti mkali wa wahamiaji, ilhali mrengo wa kushoto ni wa Democrat, chama kinachotaka serikali ibebe mzigo mkubwa zaidi wa matibabu na ustawi wa wananchi, isimamie biashara na kuacha uamuzi wa mimba kwa mwanamke mwenyewe. Rangi nazo huwachanganya wengi, kwa sababu nyekundu, ambayo karibu dunia nzima ni rangi ya wasoshalisti, kule Marekani imekuwa rangi ya Republican.

Msomaji wa Tanzania ana kipimo chake cha kushoto, nacho ni Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, lililoweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma na kufuatiwa, siku chache tu baadaye, na kutaifishwa kwa mabenki. Kwa kipimo hicho Democrat wengi ni watu wa kulia, maana hakuna rais wa chama hicho aliyewahi kutaifisha mabenki yote ya nchi yake, na mwanasiasa wa Marekani anayeitwa msoshalisti na mahasimu wake huenda ametamka tu kwamba mgonjwa asifilisike kwa sababu ya bili ya hospitali.

Ugumu huongezeka mjadala unapoteremka shambani. Karagwe na Kyerwa zinajua vizuri butura, yaani biashara ya kununua kahawa ingali mtini, ambapo mkulima mwenye dharura ya ada ya shule au ya msiba hupokea fedha kidogo leo na mavuno yake huchukuliwa na mnunuzi msimu ukifika. Anayeunga mkono serikali kupiga marufuku butura na kutaka kahawa yote ipite katika vyama vya msingi na chama kikuu cha ushirika, KDCU, amesimama mahali ambapo Mmarekani angepaita kushoto, kwa kuwa anaamini kwamba soko likiachwa huru humla mnyonge. Anayesema kahawa ni mali ya mwenye shamba, na kwamba kama bei ya ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, ni nzuri zaidi basi auze huko bila kuitwa mtu wa magendo, amesimama kulia. Lakini watu hawa wawili wanaopingana Ijumaa kuhusu bei wanaweza kuketi benchi moja kanisani Jumapili na kukubaliana neno kwa neno kuhusu ndoa: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo Dayosisi ya Karagwe ni sehemu yake, lilitoa tamko huko Dodoma mwaka 2010 kukataa ndoa za jinsia moja, baada ya baadhi ya makanisa rafiki ya Ulaya na Marekani kuanza kuzikubali. Kwa jambo hilo mshirika wa Kilutheri wa Kimuli yuko kulia kuliko Republican wengi, hata kama kwa jambo la kahawa yuko kushoto kuliko Democrat yeyote. Kwa hiyo swali "wewe uko upande gani?" halina jibu mpaka litanguliwe na swali "kwa jambo lipi?", na mazungumzo yenye faida, yale yanayokwenda taratibu huku wageni wakitafuna kahawa kavu waliyokaribishwa, huanzia hapo.

Jambo linaloonyesha haya kwa karibu kuliko mengine ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania, watatu kwa idadi, walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wa mkoa huo waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vya mtindo vilivyoingizwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa waliougua mapema wengi walihusishwa na biashara hiyo. Dawa mseto za kufubaza virusi, ARV, zilikuwapo duniani tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini dozi ya mwaka mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000, kwa hiyo kwa mkulima wa Kagera ilikuwa kama haipo.

Mpango uliobadilisha hali hiyo, PEPFAR, ulitangazwa Januari 2003 na George W. Bush, rais wa mrengo wa kulia, na sheria yake ilitiwa saini tarehe 27 Mei mwaka huo ikiidhinisha dola bilioni 15 kwa miaka 5, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Katika Baraza la Wawakilishi mpango huo ulibebwa na watu wawili ambao kwa kawaida wasingeafikiana: Henry Hyde wa Republican, ambaye jina lake limebaki katika kifungu cha mwaka 1976 kinachozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba, na Tom Lantos wa Democrat, mzaliwa wa Budapest aliyenusurika mauaji ya Wayahudi. Kila upande ulikuja na sababu zake. Wakristo wahafidhina, yaani wanaotaka mila na mafundisho ya zamani yalindwe, waliona wajibu wa kumhudumia mgonjwa, wakadai pia theluthi moja ya fedha za kinga ielekezwe katika kuhimiza kusubiri hadi ndoa; wa kushoto waliona haki ya maskini kupata tiba, wakalikubali sharti hilo shingo upande ili kondomu na dawa zipite. Lilikuwa sharti lenye kasoro, na mwaka 2008 lililegezwa katika sheria mpya ya dola bilioni 48 iliyopewa majina ya Lantos na Hyde, ambao wote wawili walikuwa wameshafariki, lakini bila sharti hilo huenda sheria ya kwanza isingepita.

Kando ya maafikiano hayo palikuwa na jambo jingine ambalo halikuafikiwa kamwe, ile inayoitwa Sera ya Mexico City, iliyotangazwa na serikali ya Ronald Reagan mwaka 1984, inayozinyima fedha za Marekani asasi za kigeni zinazotoa mimba au kutetea huduma hiyo. Imekwenda na kurudi kama bembea: Clinton aliifuta mwaka 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Bush aliikinga PEPFAR dhidi ya sera hiyo, Trump mwaka 2017 akaiingiza, na mwaka 2023 ugomvi wa mimba ulikwamisha kuhuishwa kwa sheria yenyewe, ambayo Machi 2024 iliongezewa mwaka mmoja tu badala ya mitano iliyozoeleka.

Kisha ikaja amri ya Trump ya tarehe 20 Januari 2025 iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ruhusa ya kuendelea na tiba za kuokoa maisha ilitolewa baada ya siku chache, lakini ruhusa ya dawa haikuwa ruhusa ya kila kinachoifanya dawa imfikie mtu. Kidonge cha ARV humezwa mara moja kwa siku, nacho hutoka kliniki ya tiba na matunzo, ambayo watu huiita CTC, katika chupa ya plastiki ambayo vidonge vyake hulia vikitikisika, kiasi kwamba wapo wanaovihamishia katika karatasi au kitambaa ili sauti isiwaumbue njiani. Nyuma ya chupa hiyo yupo mhudumu wa ngazi ya jamii anayemtafuta aliyeacha dawa, ipo maabara inayopima wingi wa virusi, na yupo karani anayeingiza takwimu. Katika nchi nyingi hao ndio waliosimamishwa kazi kwanza.

Si kila aliye kulia alilifurahia hilo. Mwezi Julai 2025, Seneti iliyoongozwa na Republican ilipokuwa ikijadili kufuta matumizi yaliyokwisha idhinishwa, maseneta wa chama hichohicho ndio waliofanya dola milioni 400 za PEPFAR ziondolewe katika orodha ya kufutwa, ingawa kufutwa kwa misaada mingine kulipita. Kabla ya hapo, tarehe 30 Juni, siku moja kabla shirika la misaada la USAID halijafungwa rasmi, Bush na Obama walizungumza kwa video na wafanyakazi waliokuwa wakiagwa. Watanzania walikuwa wamewahi kuwaona wawili hao pamoja, tarehe 2 Julai 2013, waliposimama ubavu kwa ubavu katika ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam mbele ya mnara wa kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, Obama akiwa rais na Bush akiwa mstaafu aliyekuja nchini na mkewe.