Kilomita 500 za Kwanza

Pikipiki mpya huanza kuharibika ikiwa bado inang'aa. Wengi hawakubali, maana tangi linametameta, tairi zina vinyweleo vyake vya mpira, na ukibonyeza stata injini inaitika mara moja. Nani atafikiria spana?

Mimi siendeshi. Nashona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, na mpwa wangu ndiye anayebeba abiria, mara Ngara, mara Gikomba, mara Pangani. Usiku pikipiki hulala uani kwangu. Tulipatana hivi: Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nduthi ni yangu. Wiki ya kwanza alilalama, "Auntie, hii ni mpya, haina shida." Nikamwambia alete karai na kitambaa.

Shida yenyewe haionekani kwa nje. Kiwandani, ukuta wa silinda huchanwa kimakusudi mistari midogo iliyopishana, ili ushike oili. Ringi za pistoni nazo ni mpya, hazijaufahamu ukuta huo. Kila pistoni inapopanda na kushuka, ringi hukwangua ncha za ile mistari mpaka zibane sawasawa. Zikikosa kukaa vizuri mwanzoni, injini itavuta oili na kutoa moshi wa samawati kabla ya wakati wake. Chembe za chuma zinazokwanguliwa huenda wapi? Kwenye oili. Na katika boda boda zetu nyingi, oili ni moja tu kwa injini, gia na klachi, tena ni lita moja na kidogo. Gari dogo lina lita tatu, nne, za kugawana uchafu huo.

Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutaka oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000 kutegemea aina. Mtu anayeitumia kwenda kanisani na sokoni tu atazifikisha baada ya miezi. Mwanaboda wa Nairobi huzimaliza kwa wiki moja hivi, na hapo ndipo balaa. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, vijana wengi wamepata kazi hii, ila wengi hununua kwa mkopo unaolipwa kila siku. Nusu siku kwenye foleni ya sevisi ni nusu siku bila malipo, na deni halijui Jumapili. Kwa hivyo oili ile ya kwanza, ambayo ndiyo chafu kupita zote, huachwa izunguke hadi mwezi uishe.

Oili humwagwa injini ikiwa na joto kidogo, si ya kuunguza, ndipo ishuke na takataka zake. Unasimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, karai chini, unafungua bolti iliyo tumboni mwa injini. Mpwa wangu aliinamia karai, akalitikisa kuelekea jua. Oili ilikuwa imejaa nukta za fedha zinazozunguka polepole. Akanyamaza, kisha akauliza, "Hii yote imetoka humu?" Tangu hapo sijabishana naye tena juu ya oili.

Wakati wa kurudisha bolti, mkono uwe mwepesi. Kifuniko cha injini ni alumini, na ukikaza kwa hasira unaharibu nyuzi zake. Kuzichonga upya ni gharama. Oili mpya iwe ya pikipiki. Ya gari mara nyingi hutiwa kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki huishi kwa msuguano, basi inaweza kuanza kuteleza. Tafuta alama ya JASO MA kwenye chupa, na unene unaotajwa kitabuni. Nanunua Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan, na siguswi na bei ya kutupa. Chupa yenye mfuniko uliokwisha kuguswa narudisha palepale.

Kinachonipendeza zaidi ni spoki. Zikiwa mpya hulegea kadiri rimu inavyojikalia, hasa kwa mashimo ya barabara zetu. Nainua gurudumu, nalizungusha polepole, nagonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia ting. Iliyolegea hutoa sauti butu, na hiyo naitia alama ya chaki apelekewe fundi, kwa sababu kukaza spoki ovyo hupinda rimu. Sikio linatosha, hakuna haja ya mashine.

Cheni nayo hurefuka upesi mwanzoni. Iwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati, au kama kitabu kinavyosema, na alama za kurekebishia zilingane pande zote mbili za gurudumu. Nati za injini, za magurudumu na za egzosi hupitiwa moja moja. Valvu sizigusi. Hizo ni za fundi mwenye kipimo, injini ikiwa baridi.

Oili iliyotoka naimwaga kwenye mtungi wenye kifuniko, sio kwenye mtaro. Mitaro ya kwetu inaelekea Mto Nairobi, nao umeshakunywa ya kutosha. Fundi mmoja huichukua apake mbao zake dhidi ya mchwa.

Kwa zile kilomita za mwanzo nilimkataza mambo mawili: kufungua mafuta hadi mwisho, na kubeba magunia ya viazi kutoka soko la Marikiti. Abiria mmoja, mwendo wa kubadilika-badilika, basi. Alinuna. Alinuna zaidi nilipomtuma kwa muuzaji kukaguliwa valvu na kitabu kigongwe muhuri, kwa kuwa bila muhuri hata oili yangu nzuri haitaokoa warantii. Alikaa kwenye foleni hadi saa saba. Hesabu ya siku hiyo, yale malipo ya kila siku anayoniletea, sikumdai.